Karanga za mwaka 1947 na mvua isiyojua wastani

Mgeni anayefika Mtwara kwa mara ya kwanza hushangazwa na nafasi. Barabara ni pana, majengo yameachana, na kutoka sokoni hadi mtaa wa Shangani kuna mwendo wa kumtoa mtu jasho. Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka hapo, haiko hivyo. Huko nyumba kongwe zimebanana kando ya ghuba kama watu waliozoeana kwa karne nyingi. Mikindani ilikua yenyewe, taratibu, na biashara ya pwani. Mtwara mjini ilichorwa kwanza kwenye karatasi, na waliochora walikuwa wakifikiria karanga.

Habari za mradi wa Waingereza wa kulima karanga Tanganyika zimesimuliwa mara nyingi kama habari za matrekta mabovu na wakubwa wasiosikia la mtu. Yote hayo yalikuwepo. Lakini ndani yake kuna somo la hesabu ambalo halisimuliwi sana: jinsi ya kulinganisha vitu viwili ambavyo hakuna anayejua vitatoa nini. Mkulima wa kusini huvilinganisha vitu hivyo kila mwaka mvua zinapokaribia, kabla hajashika jembe. Wanahisabati nao waliiandika hesabu hiyo rasmi mwaka ule ule ambao matingatinga ya kwanza yalianza kung'oa miti Kongwa.

Mpango wa tarakimu kubwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa Company, aliruka kwa ndege juu ya Tanganyika, akaona mapori yasiyolimwa, akapeleka wazo London: palimwe karanga kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki 9 hivi, sehemu kubwa ya safari ikiwa angani. Ulirudi na mpango wa ekari 3,210,000, yaani mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa muda wa miaka 6 na gharama ya pauni milioni 24.

Mashamba 80 kati ya hayo yalipangwa Tanganyika, na yaliyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Kongwa ilipewa 15, Urambo 10. Jimbo la Kusini, upande wa Nachingwea, lilibebeshwa 55, sawa na ekari 1,650,000. Mzigo wa namna hiyo ulihitaji bandari, na Lindi haikuwa na kina cha kutosha meli kubwa. Macho yakageukia ghuba ya Mtwara. Wakati gati likisubiriwa, vifaa vilishushwa Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi unaachwa. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Gati la Mtwara lilikamilika mwaka 1954, miaka 3 baada ya mzigo wake kufutwa. Reli ya kusini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Ua linaloinama

Ili kuelewa walichokipuuza, tuanze na mche wenyewe. Karanga huchanua juu ya ardhi na kuzaa chini yake. Ua dogo la njano likishanyauka, hutoka kikonyo chembamba chenye ncha, kikainama, kikarefuka kuelekea chini na kujichimbia udongoni. Ganda huundwa humo gizani. Udongo ukiwa laini na wenye unyevu, kikonyo hupenya bila shida. Ukiwa umekauka ukawa mgumu, hukwama juu na kufa. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulipokaushwa na jua uligeuka kama tofali, na hata karanga zilizokuwa zimezaa hazikung'oleka kirahisi.

Kwa hiyo karanga haiulizi mvua ya mwaka mzima ni kiasi gani. Inauliza kama kuna unyevu katika zile wiki chache ambazo vikonyo vinashuka. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Katikati yake, mwishoni mwa Januari au Februari, mbingu hufunga kwa wiki moja au mbili. Jumla ya mwaka hufikia milimita 1,000 au zaidi kidogo, kama mara mbili ya Kongwa. Kwenye karatasi hayo ni maji ya kutosha. Karatasi haisemi kama pengo la mwaka huu litakuwa la siku 8 au 25.

Kila siku, saa 3 asubuhi, msomaji wa kituo cha hali ya hewa huinua chupa ya kipimo cha mvua, humimina maji kwenye bomba lenye mistari, na kuandika namba moja daftarini. Baada ya miaka 30, daftari hilo lina Februari 30. Mtu anaweza kuzijumlisha, akagawa kwa 30 na kuondoka na namba moja mkononi. Mwingine anaweza kuzipanga kutoka ile iliyokauka kuliko zote hadi ile yenye maji kuliko zote, kisha akaukodolea macho mstari mzima. Wa kwanza ana wastani. Wa pili ana mtawanyo. Mwaka 1946 kumbukumbu za mvua katika maeneo yaliyochaguliwa zilikuwa chache, na wiki 9 hazikutosha kukusanya nyingine.

Ngazi mbili

Wanahisabati hukiita kigeu nasibu kitu ambacho thamani yake haijulikani mpaka kitokee: magunia ya msimu ujao, milimita za Februari, bei ya korosho mnadani. Namba mbili za kawaida ni rahisi kuzilinganisha, kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5 na maneno yameisha. Lakini vigeu nasibu viwili? Leo hiki kinaweza kutoa 3 na kile 9, kesho ikawa kinyume.

Mwanzoni mwa mwaka 1947, Henry Mann na mwanafunzi wake Donald Whitney, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, walichapisha jibu ambalo linatumika hadi leo. Kigeu kimoja ni kikubwa kuliko kingine kinasibu ikiwa, kwa kiwango chochote utakachotaja, uwezekano wa cha kwanza kupita kiwango hicho haupungui ule wa cha pili. Taja gunia 2, taja 5, taja 12. Kote cha kwanza kisishindwe.

Picha yake ni ngazi. Chukua mavuno ya misimu 10 ya mbegu mbili, uyapange kila moja kuanzia dogo hadi kubwa, kisha uzisimamishe ngazi hizo mbili kando kwa kando. Kama kila kipandio cha mbegu mpya kiko juu au sawa na kipandio chenzake cha mbegu ya zamani, mpya imeshinda kinasibu. Haina maana kwamba itashinda kila msimu. Maana yake ni kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu, mwoga au jasiri, mwenye mahitaji madogo au makubwa, atakayekuwa na sababu ya kuchagua ya zamani, mradi anachokitafuta ni mavuno. Mwaka 1955 Erich Lehmann aliipanua njia hiyo kwa familia nzima za mitawanyo.

Tatizo ni kwamba ngazi mara nyingi hukatana. Tuchukue mfano wa kubuni, shamba la karanga na shamba la mihogo, thamani ya mavuno ikigeuzwa kuwa magunia. Karanga katika misimu 10, kutoka mbaya hadi mzuri: 0, 1, 2, 4, 6, 8, 9, 10, 12, 13. Mihogo: 4, 5, 5, 6, 6, 7, 7, 8, 8, 9. Jumlisha. Kote ni 65, wastani 6.5. Mtu wa wastani atakuambia mashamba hayo ni mamoja.

Sasa jumlisha kutoka chini, kipandio kwa kipandio. Mihogo: 4, 9, 14, 20, 26, na kuendelea. Karanga: 0, 1, 3, 7, 13, na kuendelea. Mihogo iko mbele njia nzima, na mbili hizo hukutana kwenye 65 pale mwisho tu. Huo ndio mpangilio wa daraja la pili. Unasema kwamba yeyote anayeumia zaidi kwa kukosa gunia moja wakati wa njaa kuliko anavyofurahia gunia la ziada wakati wa shibe, atachagua mihogo. Kaya inayohitaji gunia 4 ili ifike mavuno mengine haikosi hata mwaka mmoja kwa mihogo. Kwa karanga inalala njaa miaka 3 kati ya 10.

Wachumi waliandika kanuni hizi rasmi mwaka 1969 na 1970. Mmoja wao, Joseph Stiglitz, aliyetoa pamoja na Michael Rothschild maana ya hatari kuongezeka bila wastani kubadilika, alikuwa katika miaka hiyo hiyo mtafiti kwenye Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo kikuu cha Nairobi. Lakini kanuni ilishakuwa mashambani. Nenda vijiji vya Uwanda wa Makonde na uhesabu kilicho katika shamba moja: mihogo, kunde, mbaazi, karanga kidogo, mikorosho pembeni. Wapimaji wa ekari 30,000 wangeliona shamba kama hilo ni fujo. Mwenye shamba ameshapunguza vipandio virefu vya juu ili kuinua vile vya chini. Wahenga walilisema kwa maneno mawili: akiba haiozi.

Mashamba 55, mbingu moja

Mtetezi wa mpango wa 1946 angeweza kujibu hivi: kijiji kina shamba moja, sisi tuna 107. Moja likikosa, lingine litapata, na jumla itakaa karibu na wastani. Hoja hiyo ina uzito mkubwa katika hisabati. Ukijumlisha vigeu nasibu vingi, mtawanyo wa jumla yao huchukua umbo la kengele, umechongoka katikati na kuteremka sawasawa pande zote, karibu bila kujali kila kimoja kilikuwa na umbo gani. Bima na benki zinasimama juu ya kengele hiyo.

Ila ina sharti. Vigeu hivyo viwe kila kimoja na bahati yake. Mashamba 55 ya Nachingwea yangekuwa chini ya mawingu yale yale, katika msimu ule ule mmoja. Pengo la Februari likirefuka, linarefuka kwa yote. Kwa hesabu ya nasibu, mashamba 55 yanayokauka pamoja hayatofautiani sana na shamba moja kubwa. Kongwa ilionja hilo mwaka 1949, ukame ulipoikumba na kuyakausha mashamba yake kwa pamoja.

Mkaazi wa bonde la Ruvuma hulipata sharti hilo kwa njia nyingine. Ana kipande cha mpunga karibu na mto na kipande cha mihogo kule juu kwenye mchanga. Mwaka wa mafuriko bonde linazama lakini juu kumeneemeka. Mwaka wa ukame juu kunakauka lakini bonde limebaki na unyevu. Vipande viwili vinavyopishana kwa bahati humlinda mtu kuliko 55 vinavyofuatana.

Kisha lipo suala la ukaribu. Kengele ni makadirio. Je, makadirio yanakosea kwa kiasi gani? Andrew Berry mwaka 1941 nchini Marekani, na Carl-Gustav Esseen mwaka 1942 nchini Sweden, kila mmoja kwa njia yake, walitoa ukomo wa kosa. Tofauti kati ya uwezekano wa kweli na ule unaousoma kwenye kengele haizidi kiasi kinachopungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Ukitaka kuukata ukomo huo nusu, unahitaji vipimo mara 4.

Jaribu kwa daftari la mvua lenye misimu 9. Hata katika hali nzuri kuliko zote, kanuni hiyo haiwezi kuahidi kosa dogo kuliko takribani 0.16. Wakati huo tunaulizia janga linalotokea, tuseme, mara 1 kwa 10, yaani 0.10. Kosa linaloruhusiwa ni kubwa kuliko tukio lenyewe. Anayesema kwa uhakika, kutokana na misimu 9, kwamba ukame si tishio, anasema jambo ambalo vipimo vyake havimruhusu kulisema. Na kanuni hiyo ilikuwa imeshachapishwa miaka 4 kabla ndege ya Samuel haijapaa.

Kinachokuja mara chache

Pwani hii inajua pia mahali ambapo makadirio hutumika kwa amani. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Mtwara nzima ikakaa na roho mkononi. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaishia upande wa Mafia na kuacha mafuriko kusini.

Kwa matukio machache namna hii kengele haifai. Unafaa mtawanyo ulioandikwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837, na mwaka 1960 Lucien Le Cam alionyesha makadirio hayo yanakosea kwa kiasi gani: kosa halizidi jumla ya uwezekano wa kila mwaka ukizidishwa kwa wenyewe. Tuseme kwa mfano kila mwaka una nafasi 1 kati ya 50 ya kuleta kimbunga. Kwa miaka 50 kosa halizidi 0.02. Na hesabu inasema nini? Kwamba kuna nafasi 37 kati ya 100 miaka 50 yote ipite bila kimbunga. Watoto watazaliwa, watajenga, watazeeka, na watawaambia wajukuu kwamba pwani hii haina vimbunga. Kutoona hakukuwa ushahidi wa kutokuwepo. Na bahari ikiendelea kupata joto, ile 1 kwa 50 yenyewe haitakaa mahali pake.

Anayenunua uhakika

Ulinganishaji huu unaumiza zaidi mnadani kuliko shambani. Kila mwaka wapo wakulima wa korosho wanaouza mavuno kabla ya msimu kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, ingawa serikali imeipiga marufuku. Huambiwa hawajui hesabu. Mtazame mmoja mwezi wa Julai: ghala la nyumbani limeisha, mtoto anadaiwa sare ya shule, na korosho bado ni ua juu ya mti. Mbele yake kuna fedha kidogo iliyo hakika na fedha nyingi isiyo hakika. Anachagua kipandio cha chini kilicho imara, kama mwenye mihogo alivyofanya. Hesabu yake iko sawa. Kilichoharibika ni bei anayotozwa kwa ajili ya uhakika huo, kwa kuwa hana akiba ya kumfikisha mnadani. Amri peke yake haitamtoa kwenye kangomba. Chakula ghalani mwezi wa Julai kitamtoa.

Swali la Naliendele

Nje kidogo ya mji wa Mtwara iko Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1970. Kimejulikana kwa korosho, lakini ndicho pia kituo kikuu cha utafiti wa karanga Tanzania. Mmea ambao ulihitaji ekari milioni 3 na ukashindwa, hapa unachunguzwa katika vijishamba vya hatua chache.

Kutoka huko zimepatikana mbegu ambazo wakulima wanazitaja kwa majina: Pendo mwaka 1998, inayokomaa mapema, Mnanje na Naliendele mwaka 2009. Kukomaa mapema ni jibu kwa mvua inayokatika upesi. Adui mwingine ni ukoma wa karanga, ugonjwa unaosambazwa na vidukari na ambao mtafiti Zimmermann wa kituo cha Amani aliuandika mwaka 1907, miaka 40 kabla ya mradi wa Waingereza.

Jaribio la mbegu huenda hivi kwa ufupi. Vijishamba 5 vya mbegu mpya, 5 vya zamani. Pima mavuno, kisha linganisha kila kimoja cha hapa na kila kimoja cha kule: jozi 25. Hesabu mpya imeshinda mara ngapi. Hiyo ndiyo njia ya Mann na Whitney ya mwaka 1947, na mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifanya chini ya mkorosho bila kompyuta. Lakini jozi hizo ni za msimu mmoja. Mbegu inahitaji kurudiwa mwaka wa mvua na mwaka wa kiangazi, Naliendele na Nachingwea, ili ngazi iwe na vipandio vya chini vya kweli. Mwaka mbaya ndio unaofundisha, na hauji kwa kuitwa.

Gati la Mtwara lilipata mzigo wake hatimaye, ingawa si ule uliochorwa. Meli hupakia korosho, matunda ya miti iliyopandwa na wanakijiji kidogo kidogo, kila mmoja kwenye shamba lake, kati ya mihogo na kunde. Mkorosho una mizizi mirefu na huvumilia kiangazi ambacho karanga haikivumilii. Hakuna aliyepanga ekari milioni moja za mikorosho kutoka angani.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka huu pia mawingu yatakusanyika juu ya kijiji cha Msimbati, na mama atasimama mlangoni na mbegu kwenye kanga, akigawa: hizi za mchangani, hizi za bondeni, hizi zibaki chunguni. Kabla ya kuuliza mwaka mzuri utampa nini, anauliza mwaka mbaya utambakizia nini. Mipango yoyote mipya inayoletwa kusini, ya gesi, ya bandari au ya mashamba, ianze na swali lake.